Nilidhani Nimemfunga

Kiti cha kwanza cha gari cha binti yangu nilikinunua mtumba, shilingi elfu sitini, kwenye duka moja la Kinondoni linalouza vitanda vya watoto na baiskeli za magurudumu matatu. Kilikuwa cha kijivu, kina mito minono, na kilikuwa kizito. Uzito ule ndio ulionidanganya. Muuzaji alinionyesha mikanda ya ndani inavyofungwa, tik, akaifungua, tik, akasema, "Umeona dada, rahisi tu." Sikumuuliza kitu kingine zaidi ya kama atanipunguzia.

Pembeni palikuwa na lebo iliyobanduka nusu. Kilichobaki kusomeka ni "18 kg". Nikajua ni hadi kilo 18, na wangu alikuwa na nane na kitu kwenye kadi ya kliniki, basi kinamfaa na atakitumia muda mrefu.

Nyumbani nilikiweka katikati ya siti ya nyuma. Kuna mtu aliniambia katikati ndiko salama zaidi kwa kuwa ni mbali na milango yote miwili, na kwa hesabu hiyo hakukosea. Tatizo ni kwamba kigari chetu ni cha Kijapani cha mwaka 2003, na pale katikati kina mkanda wa kiunoni tu, ule usiopita begani, wakati kiti chenyewe kilitengenezwa kifungwe kwa mkanda unaopita kiunoni na begani. Niliupitisha mkanda mahali nilipoona panapitika, nikaubana, nikakisukuma kiti kwa kiganja. Kikacheza. Nikajiambia kila kitu kwenye gari kinacheza.

Desemba ile tulisafiri kwenda Njombe kwa wakwe zangu. Binti alikuwa na miezi tisa. Tuliondoka Dar alfajiri, Morogoro tukanywa chai, tukaingia Mikumi kwenye saa nne na nusu. Mume wangu ni mwendeshaji mtaratibu, na ndani ya hifadhi anakuwa mtaratibu zaidi. Mbele yetu kulikuwa na lori, nyani wakakatiza barabara, lori likashika breki, na yeye akashika breki. Hatukugonga kitu. Matairi hayakulia hata. Lakini nyuma nilisikia mshindo, nikageuka, nikakiona kiti kimepinduka mbele na mtoto ndani yake, kama stuli iliyopigwa teke. Uso wake ulikuwa katikati ya siti zetu mbili, na mdomo umegonga ukingo wa siti ya baba yake. Jino la juu, lililokuwa limetoka wiki ile, lilikuwa limechana mdomo wa chini. Damu ilikuwa nyingi kuliko jeraha, kama ilivyo kwa midomo ya watoto, lakini hilo nililijua baadaye.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachoniuma hadi leo. Tulipotoka hifadhini tukasimama, nikamtoa kwenye kiti, nikahamia nyuma, nikampakata. Nilimshika kwa mikono miwili kifuani tukapanda mlima Kitonga na kona zake zote, malori yakishuka upande wa pili, tukapita Iringa, tukapita Makambako, hadi Njombe jioni. Njia nzima nilikuwa namshukuru Mungu kwamba sasa yuko mahali salama.

Njombe tulimkuta wifi yangu, anayefanya kazi Birmingham, Uingereza, amekuja likizo. Yeye ana watoto watatu aliowalea kule, ambako sheria inamtaka mtoto akae kwenye kiti chake hadi afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135. Alipouona mdomo wa mtoto na kusikia habari, hakunilaumu. Asubuhi yake aliniita nje, chini ya mparachichi tulipoegesha gari, akaniambia, "Wifi, nionyeshe ulivyokifunga."

Nikafunga. Akakishika pale mkanda ulipopita, akakivuta kwake. Kikaja chote.

Kisha akaniuliza mtoto ana kilo ngapi. Nikamwambia. Akasema tuhesabu basi, tufanye kumi. Gari likiwa kwenye kilometa 50 kwa saa likagonga kitu na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kilo kumi za mtoto zinavuta kwa nguvu ya kama kilo 140. "Unaweza kulidaka gunia la mahindi linalorushwa kwako?" Nilinyamaza. Mwendo huohuo, ukitaka kuufananisha, ni sawa na kuanguka kutoka mita kama kumi, dirisha la ghorofa ya tatu. Nikaikumbuka Kitonga. Nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nimelegea kwa amani, mikono yangu miwili ndiyo mkanda pekee aliokuwa nao mwanangu, na mimi mwenyewe sikuwa nimefunga wangu. Kama tungegongwa, uzito wangu wote ungempitia yeye kwanza.

Tulikihamisha kiti pembeni, nyuma ya siti ya abiria, kwenye mkanda mzima. Hapo nikaona jambo ambalo mwaka mzima wa kukaa kwenye gari lile sikulijua. Wifi aliuvuta mkanda wa gari taratibu mpaka mwisho kabisa, hadi ukagoma, halafu akauachia urudi. Ukaanza kurudi na sauti, tik-tik-tik-tik, na kila ulipofika haukukubali kutoka tena. Mikanda ya nyuma ya magari mengi ya Kijapani ina kifaa hicho ndani, kwa ajili ya viti vya watoto hasa. Usipouvuta hadi mwisho, unabaki mkanda wa kawaida, unaolegea na kukaza kadiri unavyoinama, na kwa mtu mzima ni sawa, kwa kiti cha mtoto si sawa hata kidogo. Yapo magari ambayo hayana, na hapo unategemea vibanio vya kiti chenyewe. Jaribu lako ujue.

Halafu akapanda. Akaweka goti ndani ya kiti, akakilalia kwa uzito wake wote mpaka sponji ya siti ya gari ikabonyea, huku mkono mmoja unavuta mkanda wa bega juu: tik, tik, tik. Alipotoka jasho lilikuwa linamtiririka, na ni Njombe asubuhi. "Sasa kivute," akaniambia. Nikakishika palepale mkanda ulipopita, kushoto kulia, mbele nyuma. Kilisogea chini ya pingili moja ya kidole gumba, kama sentimita mbili na nusu, na hicho ndicho kipimo. Juu kichwani kitacheza zaidi kidogo, hapo si pa kupimia.

Lakini hakuridhika. Alisema mtoto wa miezi tisa hatakiwi kutazama mbele, na kiti kile hakigeuki. Alinishikisha kichwa cha binti yangu kwa viganja viwili. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, na mifupa ya shingo yake bado haijakomaa. Akitazama mbele, gari likisimama ghafla, mikanda inashika mabega na kichwa kinaendelea na safari. Shingo ndiyo inayobeba. Akitazama nyuma, anazama ndani ya mgongo wa kiti, na kichwa, shingo na mgongo vinapokelewa pamoja. Baadaye nilisoma kwamba wazo hili lilianzia Sweden, ambako mwaka 1964 Profesa Bertil Aldman alijaribu kiti cha kwanza cha namna hiyo, akiwa amelichukua kwa wanaanga, waliokuwa wakilazwa migongo yao ipokee msukumo wa chombo.

Mama mkwe, aliyekuwa anachambua mchicha karibu yetu, alilipinga. "Mwanangu, miguu ataiweka wapi? Itavunjika." Ni swali zuri, na nimeulizwa na watu wengi tangu siku ile. Mtoto huikunja, kama anavyoikunja akikaa kwenye mkeka. Wifi akamjibu kwa adabu, "Mama, mguu ukivunjika hospitali wanaunga." Hakuimalizia sentensi. Mama mkwe aliendelea na mchicha, na baada ya kitambo akasema, "Haya, basi mgeuzeni."

Tulirudi Dar na kiti kilekile, kwa kuwa hatukupata kingine, kimefungwa pembeni kama tulivyofundishwa, kwa mwendo wa pole na mchana tu. Si uamuzi ninaojivunia. Ulikuwa bora kuliko mapaja yangu.

Nyumbani Kimara nikakivua kitambaa ili nifue matapishi ya safari. Chini ya mto, kwenye plastiki, palikuwa na mstari mweupe umekatiza kutoka tundu la mkanda hadi ukingoni, na upande wa kichwa sponji nyeupe ngumu ilikuwa imepasuka vipande viwili. Inawezekana ni sisi, Mikumi. Inawezekana kiti kile kilikuwa kimeshapata ajali Ulaya kabla ya kupakiwa kwenye kontena. Hapo ndipo ubaya wa mtumba ulipo: nguo ya mtumba ukiikagua unaona kila kitu, kiti cha mtoto historia yake imefichwa chini ya kitambaa, na muuzaji naye haijui. Kama ningekivua kitambaa dukani ningeuona ule mstari. Nawaomba wenzangu, kama mfuko hauruhusu kipya, chukua cha ndugu au rafiki unayemjua, anayeweza kukuambia kwa kinywa chake kwamba hakijawahi kugongwa na kwamba hakuna kipande kilichopotea. Cha dukani kisichojulikana kilikotoka, acha.

Kutafuta kipya kulitumia Jumamosi tatu. Niliingia na orodha ya wifi kwenye simu. Cha kwanza ni ile lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, na namba ya nchi iliyokiidhinisha. Chini yake kuna namba ndefu ya idhini, na kwa viti vya kanuni ya 44 ya Umoja wa Mataifa inatakiwa ianze na 03 au 04. Vile vya kanuni mpya, ya 129, hupangwa kwa urefu wa mtoto kwa sentimita, na mtoto hatazami mbele kabla ya miezi 15. Duka moja lilikuwa na viti vizuri vya kupendeza, vina picha za twiga, na kwenye mwili wote wa kiti hapakuwa na lebo hiyo. Kijana wa dukani akaniambia, "Original hiki dada, lebo huwa zinatoka." Nilimshukuru nikaondoka.

Cha pili ni umri wa kiti. Kigeuze uangalie tako lake. Mara nyingi utakuta duara dogo limechongwa kwenye plastiki kama saa ya ukutani, katikati pana mwaka na mshale unaonyesha mwezi. Plastiki huchoka, na joto la ndani ya gari linaloshinda juani Dar haliisaidii. Watengenezaji wengi huandika muda wa matumizi, miaka sita hadi kumi hivi. Cha kwangu cha kwanza, nilipokuja kukiangalia, kilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Cha tatu ni kilo, kwa kadi ya kliniki. Hapo ndipo nilipojua kwamba ile nusu ya lebo iliyobanduka ilikuwa imebeba namba ya muhimu kuliko iliyobaki: viti vya aina ile ni vya kilo 9 hadi 18. Binti yangu alikuwa hajafika hata mlangoni.

Na cha nne, ambacho hakuna muuzaji atakayekukumbusha, nenda na gari. Viti viwili vilivyokuwa na kila sifa vilinishinda pale pale mbele ya duka. Kimoja mkanda wetu ulikuwa mfupi, haukuweza kuzunguka mgongo wake ukafika kwenye kifungio. Kingine kikikaa kwa kutazama nyuma, siti ya mbele ilisogea mpaka magoti ya abiria yakagusa dashibodi. Cha tatu kikakubali: cha kuzaliwa hadi kilo 18, kinatazama nyuma mpaka kilo 13. Magari yenye vyuma vya ISOFIX, vile viwili vilivyojificha kwenye mkunjo kati ya mgongo na makalio ya siti, yana raha yake, unachomeka tu. Japani imevifanya vya lazima kwenye magari mapya ya abiria tangu 2012, kwa hiyo wenye magari ya karibuni chomekeni vidole mle mpapase kabla ya kununua. Mimi nilipapasa, nikatoa sarafu na makombo ya mkate.

Bei ilikuwa laki tatu na nusu. Mume wangu aliguna. Nikamwambia Shirika la Afya Duniani linasema kiti cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga ajalini kwa asilimia 71, kisha nikamkumbusha bei ya redio aliyoifunga mwezi uliotangulia. Nadhani kilichomshawishi ni redio.

Kukifunga mara ya kwanza peke yangu nilikosea mara mbili. Njia za mkanda zimepakwa rangi: buluu ni kwa kutazama nyuma, nyekundu kwa kutazama mbele, nami nilipita kwenye nyekundu kwa kuwa ilikuwa karibu. Kosa la pili lilikuwa la uwanja. Kiti kina alama ubavuni inayotakiwa iwe sambamba na ardhi ili mtoto alale mlalo wake, kichwa kisimwangukie kifuani kikaziba pumzi. Kimara ni milima, na uwanja wetu umeinama. Alama ilikaa sawasawa kabisa uwanjani kwetu, na nilipofika barabara ya lami mtoto alikuwa amekaa wima kama mkuu wa wilaya. Siku hizi nafungia kwenye uwanja wa msikiti, palipo tambarare.

Usiweke kiti cha kutazama nyuma mbele ya mfuko wa hewa, ule unaofyatuka kutoka dashibodi. Ukifyatuka unapiga mgongo wa kiti palepale kilipo kichwa cha mtoto. Kwenye kizuia jua cha gari letu kuna picha ya kiti cha mtoto imepigwa mstari. Maandishi ni ya Kijapani, picha haihitaji kutafsiriwa.

Sasa mikanda ya ndani. Hapa ndipo ninapowaona wenzangu wengi wanakosea, na ni watu wanaojali, walionunua kiti kizuri. Mtoto anaingizwa kwenye kiti akiwa amefungwa kitenge, au ana sweta nene la safari ya Njombe ya Juni, mikanda inakazwa juu ya nguo, mama anaona imekaza. Ikija nguvu, nguo inabonyea na mtoto anabaki na nafasi ya kuchomoka. Mvue sweta, mfunge, kisha mfunike kwa kitenge juu ya mikanda. Kwa anayetazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Kwa anayetazama mbele, usawa wa mabega au juu kidogo. Halafu jaribu kuubana mkanda begani kwa vidole viwili, kama unavyobana chapati kuona imeiva. Ukipata mkunjo wa kushika, bado. Kaza tena.

Mchana wa Dar nao ni kitu. Kile chuma cha kifungio kikishinda juani kinaunguza kweli, niliona alama kwenye paja lake mara moja ikanitosha. Sasa nikishuka nakifunika kiti chote kwa khanga, na nikirudi nagusa chuma kwa mdomo wangu kabla ya kumkalisha.

Alilia. Wiki mbili za kwanza alilia kuanzia Kimara Mwisho hadi Ubungo, na foleni ilikuwa ya kuungana. Dada anayenisaidia nyumbani aliniomba zaidi ya mara moja, "Mama, si tumtoe kidogo tu, hatuendi mbali." Nami nilikuwa natamani kumtoa. Hatukumtoa, na wiki ya tatu akaacha, akawa analala tukifika kituo cha Korogwe, hapohapo Kimara. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na hakuna trafiki aliyewahi kunisimamisha akauliza mtoto amekaaje; kwa hiyo hakuna wa kukusaidia kushikilia msimamo hapo ila wewe. Kwenye daladala na bajaji sina jibu. Tunapanda, kama kila mtu, namshika mikononi, na najua mikono hiyo haitoshi.

Alitazama nyuma hadi miaka miwili na miezi mitano, alipofika kilo 13.

Kiti kile cha kijivu kilikaa stoo muda wote huo, kwa sababu sisi hatutupi vitu. Mwaka jana jirani yangu, mjamzito wa miezi saba, alikiona siku aliyokuja kuazima kinu. Akaniuliza kama ninaweza kumwachia, hata kwa kuninunulia. Nilimwambia hapana, na nikaona uso wake ulivyobadilika, maana kwa mtazamo wake nilikuwa namnyima kitu kinachooza stoo. Nikakitoa nje, nikavua kitambaa, nikamwonyesha mstari. Kisha nikachukua kisu cha jikoni nikakata mikanda yote mitano mbele yake, mmoja mmoja. Ni migumu, ilinichukua muda. Nilijua nikikiweka kizima kwenye taka, jioni hiyohiyo kitakuwa kimeshaoshwa na kupangwa pembeni ya barabara na bei yake.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda naye Kariakoo na gari lao. Kiti cha tatu kilikubali. Nilimzuia kupanda kwa sababu ya tumbo, nikaweka goti langu mimi, mumewe ameinama dirishani anatazama, nikauvuta mkanda hadi mwisho nikauachia.

"Mnasikia?" nikawauliza.

Tik-tik-tik-tik.